Asilimia Ngapi ya Watu Wangapi? Kusoma Takwimu za Utafiti wa Lishe na Tiba

Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam. Wanawake wajawazito 1,078 waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliandikishwa kati ya mwaka 1995 na 1997, wakapewa vidonge vya kumeza kila siku, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Utafiti huo uliendeshwa na watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard. Miongoni mwa matokeo yake yote, sentensi moja ndiyo iliyosafiri mbali zaidi: vitamini zilipunguza kwa asilimia 29 hatari ya kuingia hatua ya nne ya ugonjwa au kufariki dunia.

Sentensi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla haijafika Afrika Kusini ikiwa imebebeshwa maana ambayo watafiti hawakuiweka, kwamba vitamini zinatosha na kwamba dawa za kufubaza virusi hazina haja. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa. Kilichoachwa nyuma ni maelezo yanayoizunguka tarakimu: ilipatikana kwa watu gani, wangapi, kwa muda gani, na ililinganishwa na nini. Mhudumu wa afya anayetaka kuzielewa tafiti za lishe, na mgonjwa anayezisikia redioni, hawahitaji kuwa wanahisabati. Wanahitaji kuyajua maelezo hayo na kuyadai kila yanapokosekana.

Kwa nini kura

Wanawake wa Dar es Salaam waligawanywa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa vitamini A, la pili vitamini za jamii ya B pamoja na C na E, la tatu vyote kwa pamoja, na la nne vidonge visivyo na vitamini, ambavyo wataalamu huviita plasebo. Nani aingie kundi gani liliamuliwa kwa nasibu, yaani kama kwa kura. Si mwanamke aliyemeza wala muuguzi aliyempa aliyejua ndani ya kidonge mna nini.

Utaratibu huo waweza kuonekana ni usumbufu usio na maana, na pengine hata ni ukatili: mtu mgonjwa anapewaje kidonge kitupu? Jibu lake linapatikana Finland. Kabla ya mwaka 1994, tafiti nyingi zilizowaangalia watu katika maisha yao ya kawaida zilikuwa zimeonyesha kwamba wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye betakarotini, kile kiini kinachoipa karoti rangi yake, hupata saratani ya mapafu kwa nadra kuliko wengine. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba betakarotini ikitiwa kwenye kidonge itawakinga wavutaji wa sigara. Wanaume wavutaji 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 wakapangwa kwa kura. Nusu yao, watu zaidi kidogo ya 14,500, walipewa betakarotini. Nusu nyingine, karibu idadi hiyohiyo, hawakupewa. Baada ya miaka mitano hadi minane, saratani ya mapafu ilikuwa imewapata watu 402 katika kundi lisilopewa, na watu 474 katika kundi lililopewa. Kidonge kilichotarajiwa kukinga kiliongeza ugonjwa kwa asilimia 18.

Mtu anayekula mboga nyingi huwa anatofautiana na jirani yake kwa mambo mengine pia: pengine havuti sigara sana, pengine ana kipato cha kutosha, pengine huwahi hospitali. Anapoonekana ana afya, haijulikani ni lipi kati ya hayo lililomsaidia. Kura huyachanganya mambo hayo yote sawasawa katika makundi yote, hata yale ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Ndiyo maana msomaji anapokuta katika habari ya lishe maneno kama "huhusishwa na" au "huonekana zaidi kwa", ajue kwamba mara nyingi chanzo chake ni utafiti wa kuangalia tu. Utafiti wa namna hiyo una kazi yake, kwani ndio uliofichua madhara ya sigara, lakini hauwezi peke yake kumwambia mtu anunue kidonge.

Namba tatu, ukweli mmoja

Jedwali la utafiti wa Dar es Salaam linasema hivi. Kati ya wanawake 271 waliopewa vitamini B, C na E, wanawake 67 walifikia hatua ya nne ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 267 waliopewa plasebo, waliofikia hali hiyo walikuwa 83. Muda wa kati wa ufuatiliaji ulikuwa miezi 71, yaani karibu miaka sita.

Njia nyepesi ya kuzielewa namba hizo ni kuzigeuza kuwa watu 100. Tuseme wanawake 100 wanameza plasebo: katika muda huo 31 kati yao watazidiwa au kufariki. Wanawake 100 wengine wanameza vitamini: watakaozidiwa au kufariki ni 25. Tofauti ni wanawake 6 katika kila 100. Hiyo ndiyo inayoitwa tofauti ya hatari halisi. Ile asilimia 29 ni punguzo la hatari linganishi: haihesabu watu, inapima tu ukubwa wa hatari ya kundi moja ukilinganishwa na hatari ya kundi jingine.

Msomaji makini akichukua kalamu na kugawanya 24.7 kwa 31.1 atapata 0.79, yaani punguzo la asilimia 21, wala si 29. Hajakosea. Watafiti walitumia hesabu inayozingatia pia muda: mwanamke aliyezidiwa mwaka wa kwanza na yule aliyezidiwa mwaka wa tano hawahesabiwi kana kwamba walipatwa na jambo lilelile. Kuchelewesha ugonjwa kwa miaka ni faida hata kama mwishowe unafika, na hesabu hiyo inaiona faida ambayo mgawanyo wa kawaida hauioni.

Ipo na namba ya tatu. Ikiwa vitamini ziliwaokoa wanawake 6 katika kila 100, basi kwa makadirio wanawake 16 walihitaji kumeza vidonge hivyo kwa muda wote huo ili mmoja anusurike. Wale 15 wengine ama wangebaki salama hata bila vidonge, ama wangezidiwa hata wakivimeza. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, namba hii huenda ndiyo ya haki kuliko zote, maana haimwahidi kila mtu sehemu ya faida ambayo kwa kweli huwafikia wachache.

Asilimia 29, watu 6 kati ya 100, mmoja kati ya 16: zote zimetoka katika jedwali moja. Matangazo ya biashara hupenda ile kubwa kwa faida na ile ndogo kwa madhara. Kijikaratasi cha dawa kinachosema "hupunguza hatari kwa nusu" na papo hapo kikasema "madhara hutokea kwa mtu mmoja tu kati ya 100" kimetumia vipimo viwili tofauti. Nusu hiyo yaweza kuwa ni kutoka watu 2 hadi mtu 1 kati ya 100. Katika hali hiyo anayenufaika ni mmoja na anayedhurika ni mmoja.

Ripoti ya kitaalamu huongeza jambo jingine ambalo magazeti huliacha, nalo ni mipaka ya makadirio. Kwa utafiti huu mipaka ilikuwa 0.51 na 0.98. Maana yake ni kwamba takwimu zilizokusanywa zinaafikiana na punguzo kubwa la asilimia 49, na vilevile na punguzo dogo la asilimia 2 tu. Asilimia 29 ilikuwa kadirio bora katikati ya mipaka hiyo mipana. Watafiti waliandika pia kwamba uwezekano wa matokeo hayo kujitokeza kwa bahati ulikuwa 0.04. Namba hiyo hueleweka vibaya hata na waliosoma. Haisemi kwamba vitamini zina nafasi ya asilimia 96 ya kufanya kazi. Inasema kwamba, lau vitamini zisingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingejitokeza kwa bahati tupu katika majaribio kama 4 kati ya 100.

Zililinganishwa na nini?

Hapa ndipo penye kiini cha yaliyotokea Afrika Kusini. Vitamini za Dar es Salaam zililinganishwa na plasebo. Hazikulinganishwa na dawa za kufubaza virusi, kwa sababu wanawake hao hawakuwa wakipata dawa hizo. Utafiti uliuliza: kwa mama ambaye dawa bado hazijamfikia, je, vitamini za bei nafuu zinaweza kuchelewesha ugonjwa? Ukajibu kwamba zinaweza, kwa kiasi. Swali la kama vitamini zinaweza kushika nafasi ya dawa halikuulizwa kabisa, na utafiti hauwezi kujibu swali usiloulizwa.

Matthias Rath, daktari Mjerumani na mfanyabiashara wa vitamini, aliutumia utafiti huo katika matangazo yaliyozipaka dawa za kufubaza virusi sura ya sumu na kuzinadi vitamini kuwa ndizo jibu. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard walijitokeza hadharani kupinga matumizi hayo ya kazi yao. Chama cha wanaharakati wa tiba, Treatment Action Campaign, pamoja na chama cha madaktari wa Afrika Kusini walikwenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Cape iliamua kwamba majaribio ya vitamini yaliyokuwa yakifanywa kwa wagonjwa nchini humo hayakuwa halali. Dawa zenyewe zilikwisha kuthibitika kuokoa maisha. Mgonjwa aliyeziacha kwa ajili ya asilimia 29 alikuwa amebadilisha kinga kubwa kwa ndogo, bila kuambiwa kwamba ni ndogo.

Dar es Salaam iliendelea kuuliza. Dawa zilipoanza kupatikana, watafiti waliwaandikisha wagonjwa 3,418 waliokuwa wakianza tiba kati ya mwaka 2006 na 2008, wakalinganisha vitamini za kiwango kikubwa na vitamini za kiwango cha kawaida, wote wakiwa wanameza dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2012: hatari ya ugonjwa kuendelea au mtu kufariki ilikuwa asilimia 72 katika kundi moja na asilimia 72 katika kundi la pili. Kiwango kikubwa hakikuongeza faida yoyote. Tena utafiti ulikuwa umesimamishwa kabla ya wakati, mwezi Machi 2009, kwa sababu vipimo vya damu vilionyesha dalili za ini kuathirika miongoni mwa waliopewa kiwango kikubwa.

Hiyo asilimia 72 nayo isipite bila kuchunguzwa. Mtu akiisoma haraka atadhani kwamba karibu robo tatu ya wagonjwa walifariki wakiwa kwenye tiba. Sivyo. Kipimo hicho kiliunganisha kifo na kila tukio jipya au la kujirudia lililohesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa kuendelea, na matukio hayo ni mengi. Vifo vilikuwa 453, yaani takriban watu 13 kati ya 100. Kila panapoandikwa "au" katika matokeo ya utafiti, kwa mfano "kifo au kulazwa" na "kiharusi au maumivu ya kifua", inafaa kutafuta namba ya kila upande peke yake, kwa sababu mara nyingi tukio jepesi ndilo linalobeba sehemu kubwa ya hesabu.

Ule utafiti wa kwanza ulikuwa na onyo jingine lisilotajwa mara nyingi. Vitamini B, C na E zilipunguza vifo vya watoto tumboni, 30 dhidi ya 49. Lakini vitamini A, ambayo wengi waliitarajia zaidi, iliongeza kwa asilimia 38 hatari ya mama kumwambukiza mtoto. Neno "vitamini" halikutosha kueleza ni kitu gani hasa kilichomezwa, sawa na neno "dawa" lisivyotosha kwenye cheti cha daktari.

Soseji na sigara katika daraja moja

Mwezi Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji, katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani. Sigara imo katika daraja hilohilo, na vyombo vingi vya habari vilitangaza kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Madaraja hayo hayapimi ukubwa wa hatari. Yanapima uzito wa ushahidi, yaani wanasayansi wana hakika kiasi gani kwamba kitu fulani chaweza kusababisha saratani. Makadirio ambayo shirika hilo lenyewe liliyataja yanaonyesha tofauti: vifo takriban 34,000 vya saratani kwa mwaka duniani huenda vinatokana na ulaji mkubwa wa nyama iliyosindikwa, ilhali vya tumbaku ni takriban milioni moja.

Habari iliyofuata ilikuwa kwamba gramu 50 za nyama hiyo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Uingereza watu kama 6 kati ya 100 hupata saratani hiyo katika maisha yao. Ukiongeza asilimia 18 ya sita, unapata saba. Basi watu 100 wakila soseji kila siku maisha yao yote, mmoja zaidi ataugua. Katika jamii ambako saratani hiyo ni adimu, tuseme kwa mfano humpata mtu 1 kati ya 100, asilimia 18 ileile haifiki hata robo ya mtu mmoja kati ya 100. Asilimia ya kulinganisha inaweza kuvuka mipaka ya nchi bila kubadilika, lakini idadi ya watu watakaougua hutegemea ugonjwa huo ni wa kawaida kiasi gani mahali husika. Hili ni muhimu kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye habari nyingi za lishe anazozisoma zimetoka Ulaya na Marekani.

Kumweleza mgonjwa

Uzembe katika kutangaza takwimu una gharama. Mwezi Oktoba 1995 mamlaka za Uingereza ziliwaonya madaktari kwamba aina fulani mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wengi walivitupa. Hatari hiyo ilikuwa imepanda kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata Uingereza na Wales ziliongezekewa na utoaji mimba kama 13,000, na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango anayeulizwa jambo kama hilo anaweza kusema: "Mama, wakikusanyika wanawake elfu saba wanaotumia vidonge vya zamani, mmoja kwa mwaka hupata tatizo la damu kuganda. Wakitumia hivi vipya, ni wawili. Waliobaki, 6,998, hawapati." Amesema idadi kamili ya watu, ametumia elfu saba ileile kwa pande zote mbili, ametaja muda, na ameeleza waliosalimika pamoja na waliopatwa. Kusema "mmoja kati ya 7,000" upande mmoja na "mmoja kati ya 3,500" upande wa pili ni sahihi kihisabati, lakini wasikilizaji wengi hudhani kwamba 7,000, kwa kuwa ni namba kubwa, ndiyo hatari kubwa.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza bila kuonekana mjuaji. Anapoambiwa kwamba kitu kinapunguza hatari kwa nusu, aulize: nusu ya ngapi, kati ya watu wangapi, kwa miaka mingapi, na wale wengine walikuwa wanatumia nini? Muuza virutubishi asiyeweza kujibu mojawapo ya hayo hana takwimu, ana tangazo tu. Na kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi, ambaye ndiye aliyelengwa na yale matangazo ya Afrika Kusini, maelekezo ni mafupi: asiache dawa kwa ajili ya kirutubishi chochote, atumie vitamini kwa kiwango alichoelekezwa kliniki, na amweleze mhudumu kila kopo alilonunua mwenyewe, hata lile lililoandikwa kuwa ni la asili, ili ini lake lipimwe mapema ikihitajika.